Daniel Kaluuya: kutoka Camden hadi Oscar, kwa njia ya Kongo na Zanzibar

Katikati ya mwaka 2013, watu waliolipa kiingilio katika ukumbi wa Young Vic, kusini mwa London, waliiona Kongo ikipata uhuru wake na kupokonywa ndani ya jioni moja. Mchezo ulikuwa wa Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliyeuandika miaka ya sitini wakati kifo cha Patrice Lumumba kilikuwa bado kidonda kibichi. Lumumba aliigizwa na Chiwetel Ejiofor. Joseph Mobutu, yule rafiki aliyeaminiwa, akakabidhiwa jeshi, kisha akamgeuka aliyemwamini, aliigizwa na kijana wa miaka 24 ambaye wengi walimfahamu kwa sura tu kutoka kwenye televisheni. Jina lake ni Daniel Kaluuya.

Mwaka huohuo, filamu fupi iitwayo Jonah ilioneshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Ilipigwa Zanzibar. Humo Kaluuya ni Mbwana, kijana wa mji wa pwani ambaye yeye na rafiki yake Juma wanafanikiwa kumpiga picha samaki wa ajabu, mkubwa kupita kiasi, akiruka kutoka baharini. Picha inasambaa, watalii wanamiminika, mji unageuka soko la starehe. Mbwana anazeeka akiwa amekipoteza kilekile alichodhani amekipata.

Miaka mitatu baadaye alirudi Young Vic. Safari hii alikuwa mgonjwa wa akili katika hospitali ya London, kijana anayeshikilia kwamba baba yake ni Idi Amin.

Mobutu, Mbwana wa Zanzibar, mtoto wa Amin. Dunia ilipoanza kulitaja jina la Kaluuya mwaka 2017, wengi walidhani ni nyota aliyechomoza usiku mmoja Hollywood. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwishafanya kazi miaka zaidi ya kumi, na sehemu nzuri ya kazi hiyo ilimpitisha katika historia ya eneo letu hili la Maziwa Makuu na pwani yake. Sehemu hiyo ya maisha yake husimuliwa harakaharaka, kama kitu cha kupita kabla ya kufika kwenye tuzo. Inastahili kusimuliwa taratibu.

Tena inastahili kusimuliwa hapa. Kwa msomaji wa Ihembe, kwenye vilima vya Karagwe, Uganda si nchi ya kwenye ramani. Ukipita Wilaya ya Kyerwa ukafika Murongo, ng'ambo ya Mto Kagera ni Uganda. Kinyambo kinachozungumzwa majumbani na Luganda cha Kampala ni ndugu wa ukoo mmoja wa lugha, na jina kama Kaluuya halimpi shida mtu wa huku kulitamka. Waingereza ndio waliolazimika kujifunza.

Kaluuya alizaliwa London tarehe 8 Mei 1989, wazazi wake wote wawili wakiwa Waganda. Alilelewa na mama yake katika nyumba za kupanga za serikali za mitaa huko Camden, kaskazini mwa jiji, zile zinazotolewa kwa familia zisizo na uwezo wa kodi ya soko. Baba yake aliishi Malawi, na masharti ya viza yalifanya safari za kuja kumwona mwanawe ziwe nadra. Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizotawanyika zinaijua hali hiyo: mtoto anakua na mzazi mmoja ndani ya nyumba na mwingine kwenye simu.

Shuleni alikuwa mwenye bidii lakini asiyetulia. Mwalimu mmoja akamshauri mama yake amtafutie mahali pa kuitumia nguvu hiyo, na mahali hapo pakawa kwenye maigizo. Akiwa na miaka tisa aliandika mchezo wake wa kwanza, akichochewa na kichekesho cha vijana wa Kimarekani, Kenan & Kel, alichokuwa akikiangalia kwenye televisheni. Mchezo huo ukaigizwa Hampstead Theatre, ukumbi wenye heshima yake mjini London. Mtoto wa miaka tisa, maneno yake mwenyewe, waigizaji, watazamaji waliokaa kimya kusikiliza. Ni vigumu kufikiria zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtoto yeyote.

Baadaye alijifunza kwa Anna Scher, mwanamke ambaye tangu 1968 alikuwa akiwafundisha watoto wa Islington kuigiza. Darasa lake lilijulikana kwa mambo mawili. Lilipokea watoto wa familia za kawaida, na lilijengwa juu ya maigizo ya papo kwa papo: hakuna muswada, hakuna maneno ya kukariri, mnapewa hali fulani na mnaianza. Mmoja ni mwenye nyumba, mwingine mpangaji anayedaiwa; haya, anzeni. Katika zoezi la namna hiyo huwezi kuokolewa na kumbukumbu. Kinachokuokoa ni kumsikiliza mwenzako kwa makini, kwa sababu hujui atakalosema, na jibu lako lazima lizaliwe na lake. Mtu akitaka kujua kwa nini macho ya Kaluuya huonekana yanafanya kazi hata asipotamka neno, aanzie hapo. Amefunzwa kusikiliza.

Kuna jambo la kusisitiza kabla ya kuendelea. Njia ya kawaida ya mwigizaji wa Uingereza hupita kwenye vyuo vya sanaa vyenye ada kubwa, na kwa vizazi vingi jukwaa la nchi hiyo limekuwa na watoto wengi wa wenye nacho. Kaluuya hakupita huko. Alipita kwenye madarasa ya jioni na ya mwisho wa wiki yaliyoendeshwa na watu walioamini kuwa mtoto wa Camden ana cha kusema, na kwenye kumbi za maonesho zinazopata ruzuku na hivyo kuweza kubahatisha kwa kijana asiyejulikana. Ukiziondoa sehemu hizo, unamwondoa na yeye.

Mwaka 2006 alionekana katika tamthilia ya BBC, Shoot the Messenger. Mwaka uliofuata ukaja mfululizo wa Skins, uliohusu vijana wa Bristol na machafuko ya umri wao. Watayarishaji walikuwa na wazo la busara: kama hadithi ni za vijana, basi vijana wawepo chumbani zinapoandikwa. Kaluuya, aliyekuwa na miaka 17 kikundi hicho kilipoanza kazi, aliingia kama mwigizaji na kama mwandishi pia. Mbele ya kamera alikuwa Posh Kenneth, kijana anayebadili lafudhi kulingana na anayezungumza naye. Nyuma ya kamera alishiriki kuandika baadhi ya vipindi, kikiwemo kile kinachomhusu Thomas, kijana Mkongo anayewasili Uingereza na kujaribu kupata pa kukanyaga. Kongo, kwa maneno mengine, ilikuwa mezani pake kabla ya Césaire.

Lakini kazi iliyomtenga na wenzake ilikuwa ya jukwaani. Mwaka 2010 ukumbi wa Royal Court ulionesha Sucker Punch, mchezo wa Roy Williams kuhusu vijana wawili weusi, Leon na Troy, wanaojifunza ngumi katika jimu moja chakavu ya London miaka ya themanini, wakati mitaa ya nje inawaka ghasia baina ya vijana na polisi. Ukumbi uligeuzwa kuwa ulingo, watazamaji wakakaa kuuzunguka. Kaluuya alikuwa Leon. Ilimlazimu apunguze mwili, aruke kamba na kurusha ngumi huku akisema maneno yake bila kukatika pumzi, usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliokuwa karibu kiasi cha kuliona jasho. Mwisho wa mwaka alipewa tuzo ya Evening Standard ya chipukizi bora, na wahakiki wa michezo ya jukwaani nao wakamtunuku.

Wale waliowahi kumsikiliza mpiga enanga wa Kagera akisimulia utenzi wa kale wanajua jambo moja ambalo sinema imetusahaulisha. Mtu mmoja ameketi, ana chombo chake na koo lake, na anatosha kuwa mfalme, mke wa mfalme na adui aliyeko malangoni. Hakuna mandhari, hakuna taa. Anayesikiliza anaona vyote. Mwigizaji wa jukwaani hutegemea mapatano hayohayo na watu walioko mbele yake, na ndiyo maana aliyekomaa jukwaani akisimama mbele ya kamera huonekana ana uzito. Amezoea kuibeba dunia nzima mwenyewe.

Televisheni iliupata uzito huo mwaka 2011 katika kipindi cha Black Mirror kiitwacho Fifteen Million Merits. Humo ni Bing, kijana katika dunia ambamo watu huendesha baiskeli zisizokwenda popote, siku nzima, ili wajipatie pointi za kununulia starehe kwenye skrini. Anayaona yote, anakasirika, anapenya hadi kwenye jukwaa la mashindano ya vipaji akiwa na kipande cha kioo shingoni, na kumwaga hasira yake mbele ya majaji. Majaji wanapiga makofi. Wanampa kipindi chake cha televisheni. Hotuba ile ya dakika chache ilionwa, miaka kadhaa baadaye, na mchekeshaji mmoja wa Marekani aliyekuwa anatafuta mhusika mkuu wa filamu yake ya kwanza. Tutafika kwake.

Kabla ya hapo kuna ile miaka ya Young Vic, na kuna kipindi kigumu. Kaluuya amesema hadharani kwamba alifika mahali akaiacha kazi ya uigizaji kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Alichoshwa na nafasi alizokuwa hapewi kwa sababu ya rangi yake, au alizopewa zikiwa nyembamba kuliko uwezo wake. Mtu aliyekwisha kushinda tuzo, anayesifiwa magazetini, anakaa nyumbani akijiuliza kama kazi hii ina haja naye. Ukiangalia orodha ya kazi zake kutoka mbali huwezi kuyaona hayo. Orodha huonesha kupanda tu.

Blue/Orange, mwaka 2016, ndiyo kazi ambayo mtu wa Kagera angepaswa kuiona kwa jicho lake. Mchezo huo ulioandikwa na Joe Penhall ulizinduliwa mwaka 2000 katika National Theatre, na aliyekuwa na nafasi ya Christopher wakati huo ni Chiwetel Ejiofor, yuleyule ambaye baadaye angekuwa Lumumba mbele ya Mobutu wa Kaluuya. Waigizaji ni watatu tu. Christopher amelazwa kwa siku 28 na kesho anatakiwa kuruhusiwa. Daktari kijana anataka abaki, kwa kuwa anaamini ni mgonjwa zaidi ya ilivyoandikwa. Daktari mkuu anataka aende, kwa kuwa vitanda ni vichache, na pia kwa kuwa ana nadharia anayotaka kuijengea jina kuhusu watu weusi na ugonjwa wa akili. Kwenye meza kuna machungwa. Christopher anayaona ya bluu. Tena anasema baba yake ni Idi Amin Dada.

London, watazamaji hucheka kidogo hapo, kicheko cha mtu asiyejua ashike lipi. Huku jina hilo lina historia nyingine. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaiteka ardhi ya kaskazini ya mto na kutangaza kuwa ni ya Uganda, na mwanzoni mwa Novemba yakalipua daraja la Kyaka, jirani na mahali ambapo leo barabara ya kwenda Karagwe inachepuka kutoka ile ya Bukoba na Mutukula. Tanzania ilijibu kwa vita iliyofika Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, familia zikakimbia na vilivyobebeka kichwani. Wazee wa mkoa huu hawakuisoma vita hiyo.

Sasa mweke mbele ya macho kijana mwenye asili ya Uganda, aliyezaliwa miaka kumi baada ya Amin kuanguka, akisimama London na kudai damu ya mtu huyo. Nguvu ya mchezo ni kwamba huwezi kulitupa dai lake moja kwa moja. Amin alikuwa na wake kadhaa na watoto wengi, na mchezo ulipozinduliwa alikuwa bado hai uhamishoni Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003. Je, Christopher anaweweseka, au anasema jambo la kweli ambalo madaktari wawili wa Kiingereza hawana namna ya kulipima? Mwigizaji akiamua mapema kwamba mtu huyu ni mwendawazimu, mchezo unakufa. Akiamua kwamba ana akili timamu, unakufa pia. Inambidi aamini kwa moyo wake wote kila anachosema Christopher, na amwachie mtazamaji shida ya kuamua. Kazi ngumu kama hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya miezi michache kabla dunia haijamgundua.

Yule mchekeshaji alikuwa Jordan Peele, na filamu yake ni Get Out. Kwenye usaili, Peele aliwahi kueleza, Kaluuya aliirudia mara kadhaa ile sehemu ambapo mhusika wake Chris anapaswa kulia, na kila mara chozi moja lilishuka kwa wakati uleule. Filamu ilipigwa Alabama kwa siku 23, kwa bajeti ya dola milioni 4.5 hivi, ambazo kwa Hollywood ni fedha za chai. Ilipotoka Februari 2017 iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani.

Hadithi yenyewe ni ya kijana mweusi, mpiga picha, anayekwenda kijijini kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Wanampokea kwa tabasamu na maneno matamu kuliko kawaida, na utamu huo ndio unaoanza kutisha. Usiku mama wa binti, ambaye ni daktari wa akili, anamkalisha kwenye kiti na kuanza kumuuliza kuhusu kifo cha mama yake, huku akikoroga chai. Kijiko kinagusa kikombe. Chris anakumbuka jinsi mama yake alivyogongwa na gari, naye akiwa mtoto alikaa akitazama televisheni, hakumpigia mtu yeyote simu. Mwili wake unakufa ganzi. Macho yanapanuka, machozi yanashuka, na yeye hawezi kuinua hata kidole.

Hapa pana jambo la kuwaambia wapenzi wa vibanda umiza, wale waliokulia kwenye filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mabingwa kama marehemu Lufufu, au kwa Luganda na wale maVJ wa Kampala. Usimulizi ule ni sanaa kamili, na umewafikishia mamilioni ya watu hadithi ambazo lugha ingewazuia. Lakini kuna filamu zinazoubeba vizuri na kuna zinazoumia. Mapigano yanaubeba. Get Out inaumia, kwa sababu msimulizi akiongea juu ya sehemu ile ya chai anaufunika mlio wa kijiko, na mlio huo ndio kisu chenyewe. Kaluuya ni mwigizaji wa ukimya. Anayetaka kumwona vizuri atafute nakala yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha, sauti ikiwa wazi, hata kama ni kwenye simu ya mkononi.

Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Hakuipata, ilikwenda kwa Gary Oldman, aliyemwigiza Winston Churchill. BAFTA, taasisi ya filamu ya Uingereza, ilimpa tuzo ya nyota anayechipukia, miaka 12 baada ya kuanza kuonekana kwenye televisheni ya nchi hiyohiyo.

Pamoja na sifa ukaja mjadala. Mwigizaji mkongwe Samuel L. Jackson alihoji kwa nini nafasi za Wamarekani weusi, wenye historia yao mahususi ya ubaguzi, zinapewa Waingereza. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Historia ya Mississippi si historia ya Camden. Kaluuya alijibu kwa kueleza jinsi inavyochosha kutakiwa kuthibitisha weusi wake: kuna wanaomwambia ni mweusi mno, Marekani huambiwa si mweusi wa kutosha, na akifika Uganda hawezi kuizungumza lugha. Mtoto yeyote wa Kitanzania aliyekulia Ulaya, akaja likizo Bukoba akacheka na binamu zake kwa Kiswahili cha kukwamakwama, anaelewa maumivu hayo vizuri kuliko mhakiki yeyote.

Mwaka 2018 ulikuwa wa Black Panther. Filamu hiyo ya nchi ya kubuni ya Wakanda iliwakutanisha watu watatu wenye mizizi ya huku: Lupita Nyong'o wa Kenya, Florence Kasumba, Mjerumani aliyezaliwa Kampala, na Kaluuya kama W'Kabi. Huyu ni rafiki wa karibu wa mfalme T'Challa ambaye, mfalme anaposhindwa kumletea muuaji wa wazazi wake, anahamia upande wa pili. Msomaji atamkumbuka Mobutu wa Young Vic. Tena rafiki anayemgeuka rafiki, na tena Kaluuya anakataa kumfanya kuwa mwovu wa kuchukiwa tangu dakika ya kwanza. W'Kabi ana sababu. Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa muuaji mtulivu kupita kiasi katika Widows ya Steve McQueen, na mwaka uliofuata mkimbizi wa sheria katika Queen & Slim.

Kisha akasimama upande wa anayesalitiwa.

Fred Hampton alikuwa mwenyekiti wa chama cha Black Panther katika jimbo la Illinois. Alikuwa msemaji wa kuwasha ukumbi, aliyewaunganisha maskini weusi, wazungu na Walatino wa Chicago katika muungano mmoja, akaanzisha kifungua kinywa cha bure kwa watoto. Alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969 polisi walivamia nyumba yake na kumuua kitandani. Alikuwa na miaka 21. Mchumba wake alikuwa karibu kujifungua. Ramani ya nyumba hiyo ilikuwa imetolewa kwa shirika la upelelezi la FBI na William O'Neal, mlinzi wake mwenyewe, kijana aliyenaswa kwa wizi wa gari na kupewa chaguo la kuwa mpelelezi au kwenda jela.

Katika Judas and the Black Messiah ya mwongozaji Shaka King, LaKeith Stanfield ni O'Neal na Kaluuya ni Hampton. Alikuwa anapita miaka 30, akimwigiza mtu asiyefika 22, Mmarekani wa Chicago aliyezungumza kwa mdundo wa mahubiri ya kanisani. Alikutana na familia ya Hampton, akiwemo mwanawe, aliyezaliwa majuma machache baada ya baba yake kuuawa. Alisoma vitabu walivyokuwa wakisoma wanachama wa chama hicho. Alifanya kazi na mwalimu wa waimbaji wa opera ili sauti yake istahimili hotuba zilizorudiwa kutwa nzima mbele ya kamera.

Matokeo yake yanasikika. Katika hotuba kubwa ya filamu, Hampton anarudi kutoka jela na kusimama mbele ya umati kanisani. Sauti inaanza chini, inapanda, inarudi, umati unaichukua na kumrudishia. Lakini sehemu ya kukaa nayo ni ile ndogo, pale mchumba wake anapomsomea shairi kuhusu mtoto wanayemtarajia, naye anasikiliza. Mtu aliyezoea kusikilizwa na maelfu sasa ananyamaza, na unaona usoni mwake kwamba ameelewa gharama ya maneno yake mwenyewe. Zoezi la Anna Scher lilikuwa bado linafanya kazi.

Usiku wa tarehe 25 Aprili 2021, jijini Los Angeles, alipokea Oscar ya mwigizaji bora msaidizi, akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Mama yake na dada yake walikuwa wakifuatilia kutoka London. Kwa furaha akawashukuru wazazi wake kwa kumleta duniani, tena kwa maneno ya wazi kiasi kwamba kamera ilimwonesha mama akishangaa na dada akishika uso. Waganda walilipokea jina hilo kama la mtoto wao, na walikuwa na haki hiyo.

Watu wengi wangeitumia tuzo kama ngazi ya kupandia filamu kubwa zaidi. Alifanya moja, Nope ya mwaka 2022, akiwa tena na Peele, katika nafasi ya mfuga farasi wa California ambaye huongea kwa shida. Alitia sauti pia katika katuni ya Spider-Man ya 2023. Ila nguvu zake alizielekeza kwenye kitu alichokuwa akikijenga kwa miaka kadhaa na Kibwe Tavares, mwongozaji aliyesomea usanifu majengo. Tavares ndiye aliyempeleka Zanzibar kupiga Jonah.

Kazi yao inaitwa The Kitchen. Waliiongoza pamoja, Kaluuya aliiandika na Joe Murtagh, naye mwenyewe haonekani mbele ya kamera. Ni London ya siku zijazo, ambamo nyumba za kupanga za wasio na uwezo zimefutwa zote isipokuwa mtaa mmoja. Wakazi wake wamekataa kuhama. Maji yanakatwa, chakula kinazuiwa, polisi wanavamia usiku. Ndani ya mtaa huo anaishi Izi, anayeigizwa na msanii wa muziki Kano, mtu anayehesabu siku za kuhamia kwenye fleti mpya, hadi anapokutana na Benji, mvulana aliyefiwa na mama. Sauti inayowaamsha wakazi kila asubuhi kwa redio ni ya Lord Kitchener, na mashabiki wa Arsenal watashtuka wakimwona: ni Ian Wright, mfungaji wao wa miaka ya tisini.

Ukiziweka Jonah na The Kitchen bega kwa bega unaona ni swali moja lililoulizwa mara mbili. Fedha zinapoingia mahali, walioishi hapo wanakwenda wapi? Mbwana anaukaribisha utajiri kwa mikono miwili na mji wake unamponyoka. Wakazi wa The Kitchen wanaukataa na wanazingirwa. Mwandishi aliyekulia kwenye nyumba za kupanga za Camden hakuwa na haja ya kubuni sana. Filamu ilifunga tamasha la filamu la London mwezi Oktoba 2023, na Januari 2024 ikaanza kuoneshwa duniani kote kupitia Netflix. Baadhi ya wahakiki walisema hadithi yake inapwaya katikati, na si uongo. Kuna mahali inasita kuamua ni ya mtaa au ya baba na mwana. Lakini mwanzo wake, pikipiki zikipenya vichochoroni na mtaa mzima ukigonga masufuria kuonyana kwamba polisi wamefika, ni kazi ya mtu anayejua mtaa unavyosikika kutoka ndani.